Soma nafasi ya kila mti kabla ya kupanda mikoko: mwongozo kamili kwa vikundi vya pwani

Swali ninaloulizwa na vikundi ni lile lile, hubadilika tarakimu tu: "Tulipanda mikoko elfu mbili, ikashika, ikatoa majani. Tumerudi baada ya mwaka, hakuna hata mmoja. Tumekosea wapi?" Nikiuliza walipanda mti gani, jibu ni ule mkoko wenye mizizi ya magongo, kwa sababu mbegu zake ni ndefu, zinaokotwa kwa urahisi na kuchomekwa topeni kama vijiti. Nikiuliza walipanda wapi, jibu ni pale palipokuwa wazi, kwenye tope tupu mbele ya msitu.

Kosa liko hapo. Tope lile liko tupu kwa sababu, na miti inaijua sababu hiyo kuliko sisi. Mbegu huanguka kila msimu, maji huzisambaza kila siku, na bado hakuna mti uliosimama pale. Bidii ya kikundi haiwezi kubadilisha jambo ambalo bahari imekwisha kulikataa kwa miaka mingi.

Kinachokosekana ni kusoma nishi. Nishi ni jumla ya mambo yanayomwezesha kiumbe kuishi, kukua na kuzaa: kiasi cha maji, chumvi, udongo, mwanga, chakula, pamoja na majirani anaogombea nao na wale wanaomla. Fikiria wavuvi watatu kwenye mwamba mmoja: wa dema, wa mshipi na wa jarife. Bahari ni moja, lakini kila mmoja ana kina chake, saa zake na samaki wake, na ndiyo maana wote watatu hurudi na kitoweo. Miti ya mikoko huishi hivyo hivyo, na uzuri wake ni kwamba unaweza kuyaona hayo kwa macho katika matembezi ya asubuhi moja.

Mwongozo huu ni wa kusoma kwanza na kupanda baadaye. Ukiufuata wote utatumia kama mwezi mmoja kabla ya kuchomeka mbegu ya kwanza. Mwezi huo usiuonee uchungu.

## Vitu vya kuandaa

- Kamba ndefu ya mita 50 au 100, iliyofungwa fundo kila mita 5.
- Vigingi vya mti au mianzi, urefu wa mita 2, visivyopungua kumi.
- Chupa ndogo za maji za plastiki zenye vizibo, sita kwa kila kigingi.
- Futi ya fundi, na mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule mafundi wanaotumia kusawazisha msingi wa nyumba.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari iliyo karibu: Kilindini, Tanga, Dar es Salaam, Zanzibar. Siku hizi hata kwenye simu yanapatikana.
- Daftari lenye jalada gumu na penseli. Wino hulowa ukafutika.
- Uzi wa nailoni wa kushonea nyavu.
- Kama mnaweza kuazima, refraktomita ya kupima chumvi. Bila hiyo pia kazi inafanyika.

Kitu kingine hakinunuliwi: mzee mmoja au mama mmoja aliyekata boriti, kuokota kaa au kuvua kamba katika mkondo huo kwa miaka mingi. Mwombeni kwa adabu, mlipeni siku yake, mwende naye.

Na ruhusa. Mikoko ni misitu ya hifadhi. Kenya imekuwa hivyo tangu 1932. Mpitie kwa wasimamizi wa misitu wa eneo lenu, iwe Kenya, Tanzania Bara au Zanzibar, kabla ya kuokota mbegu au kupiga vigingi.

## Hatua ya 1: Uliza mahali pale palikuwaje

Kabla ya yote, kaeni na wenyeji mwulize maswali matatu. Palikuwa na miti hapa? Ilikuwa miti gani? Iliondokaje?

Jibu la swali la tatu ndilo linaloamua mengine yote. Kama miti ilikatwa na maji bado yanaingia na kutoka kama zamani, nafasi ipo na mbegu zitarudi, pengine bila msaada wenu. Kama ilikufa yenyewe, nafasi imebadilika. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kwenye mkondo wa Mwache, Mombasa, ukafukia mizizi na miti ikafa imesimama. Kuchomeka mbegu zile zile katika udongo ulioinuka, bila kupima, ni kurudia msiba.

Kama kuna tuta la barabara, bwawa la kufugia kamba au shamba la chumvi lililofunga mkondo, andika kwa herufi kubwa. Hapo kazi ya kwanza ni kurudisha maji.

Na wenyeji wakikwambia hapo hapajawahi kuwa na mti tangu babu zao, waamini. Tafuta mahali pengine.

## Hatua ya 2: Tafuta msitu wa mfano na uvute kamba

Msitu wa mfano ni kipande cha mikoko iliyo hai, karibu na mahali pako, kwenye mkondo ule ule ikiwezekana. Huo ndio mwalimu wako. Usichukue msitu wa Lamu ukautumia kupanda Kwale, wala delta ya Rufiji, inayopokea maji mengi ya mto, ukaitumia kwenye ghuba isiyo na mto.

Nenda siku ya bamvua, siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, maji yanapokupwa sana. Ingia saa mbili kabla ya maji kufika mwisho wa kupwa. Anza upande wa nchi kavu, pale penye nyasi na minazi, uvute kamba moja kwa moja kuelekea baharini.

Onyo: msiende chini ya watu watatu, na maji yakigeuka mtoke. Maji ya bamvua hurudi kwa kasi kupitia vijito, na hukuzunguka kutoka nyuma kabla hujayaona mbele.

Kila fundo la kamba, simama. Tazama mita mbili kulia na mbili kushoto. Andika miti mikubwa ni ya aina gani, halafu, kando, andika miche midogo ni ya aina gani. Usichanganye. Mti mkubwa hukuonyesha nafasi ilivyokuwa miaka iliyopita. Mche hukuonyesha nafasi ilivyo sasa. Ukikuta wazee wote ni mkoko na watoto wote ni mkandaa, kuna kitu kimebadilika pale.

### Kuitambua miti

Majina hubadilika kutoka Lamu hadi Mtwara, kwa hiyo tazama mizizi.

Mlilana (wengine huuita mpia): mizizi inayochomoza topeni ni minene kama karoti zilizopinduliwa. Unakaa mbele kabisa, uso kwa uso na bahari.

Mkoko: magongo yanayoshuka kutoka shinani kama miguu ya buibui. Mbegu ndefu, nyingine hupita nusu mita.

Muia au msinzi: mizizi iliyokunjwa kama magoti, kikonyo chekundu cha ua, mbegu fupi nene.

Mkandaa: mti mdogo, magoti madogo, mbegu nyembamba yenye mifereji. Gome lake ndilo la rangi ya ngozi na nyavu.

Mchu: mamia ya mizizi myembamba kama penseli. Ulambe upande wa chini wa jani: ni chumvi tupu, mara nyingine chembe zake zinang'aa juani. Mti huu hunywa maji ya chumvi na kuitolea chumvi majanini.

Mkomafi: mizizi bapa inayojinyonga juu ya tope kama nyoka, tunda la duara kubwa kama mpira.

Kikandaa: mdogo, maua meupe, ukingoni karibu na nchi kavu.

Msikundazi: mizizi mipana kama mbao zilizosimamishwa. Ukiuona, kuna maji baridi karibu, ya mto au ya chemchemi.

Utajua umefaulu ukiweza kuchora mstari mmoja kwenye daftari, kutoka nchi kavu hadi bahari, na kuandika juu yake aina gani inaanzia mita ya ngapi na kuishia ya ngapi.

## Hatua ya 3: Pima maji, maana maji ndiyo mwenye mji

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila kikundi huiruka, na ndiyo inayoua miche. Mti wa mikoko hauishi ndani ya maji. Unavumilia kufunikwa na maji kwa muda fulani, kisha lazima mizizi yake ivute hewa. Muda huo hutofautiana kati ya aina na aina. Tofauti ya urefu wa kiganja kimoja katika kimo cha ardhi inaweza kutenganisha mti utakaokua na mti utakaozama.

Kwa hiyo unataka kujua jambo moja: kila ukanda wa msitu wa mfano hufunikwa na maji mara ngapi kwa mwezi?

Fanya hivi. Chukua chupa, uache kizibo chake mvua isiingie, utoboe tundu moja ubavuni karibu na juu. Funga chupa sita kwenye kigingi, tundu la kwanza sentimita 10 kutoka ardhini, la pili 20, na kuendelea. Kama maji huwa marefu zaidi, ongeza chupa. Piga kigingi kimoja katikati ya kila ukanda ulioandika: kimoja kwa mlilana, kimoja kwa mkoko, kimoja kwa mkandaa, kimoja kwa mchu wa juu.

Subiri maji yajae mara moja, siku ya bahari tulivu, kisha urudi yakishakupwa. Chupa ya juu kabisa iliyoingia maji ndiyo kimo cha maji hapo. Sema imeonyesha sentimita 60. Fungua jedwali la bandari: maji ya siku hiyo, wakati wa kujaa, yalikuwa mita 3.7. Toa 0.6 kwenye 3.7, unabaki na 3.1. Ardhi ya kigingi hicho iko mita 3.1 kwa kipimo cha jedwali.

Sasa kazi ni ya kuhesabu tu. Pitia jedwali la mwezi mzima, uhesabu ni mara ngapi maji yanayojaa yanapita 3.1. Maji hujaa karibu mara 57 kwa mwezi mwandamo, kwa hiyo jibu lako litakuwa kati ya sifuri na 57.

Rudia upimaji siku tatu tofauti uchukue wastani. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu husukuma maji juu kuliko jedwali linavyosema, na mvua kubwa ya juu ya mto hufanya hivyo hivyo.

Ili ujue kama hesabu yako inaelekea kwenye ukweli, linganisha na makadirio ya Watson, mtaalamu wa misitu aliyeyaandika Malaya (sasa sehemu ya Malaysia) mwaka 1928. Aliona ardhi inayofunikwa kila maji yanapojaa, mara 56 hadi 62 kwa mwezi (makadirio yake hupita kidogo 57 yetu), karibu haina miti. Mara 45 hadi 59 ni ukanda wa mbele. Mara 20 hadi 45 ni moyo wa msitu. Mara 2 hadi 20 hufikiwa na bamvua tu. Chini ya mara 2 ni ukingo wa nchi kavu. Kwetu, mlilana huwa mbele, mkoko hufuata na kuenea katikati, muia na mkandaa hupanda juu zaidi, na kikandaa, mkomafi na msikundazi hukaa pembeni kwa nchi. Lakini vigingi vyako vikipingana na Watson, fuata vigingi vyako.

Utajua umefaulu ukiwa na jedwali dogo: jina la mti, kimo cha ardhi, idadi ya kufunikwa kwa mwezi.

## Hatua ya 4: Udongo na chumvi

Hapa pita haraka. Kwenye kila kigingi chimba shimo la sentimita 30. Finyanga udongo: ukishikana kama donge la ugali ni tope, ukimomonyoka ni mchanga. Harufu ya yai viza na rangi nyeusi zisikutishe. Ni udongo usio na hewa, wa kawaida kabisa mikokoni, na ndiyo sababu miti ile ina mizizi ya kupumulia juu.

Ngoja maji yajikusanye shimoni, upime chumvi yake. Bahari ina gramu kama 35 kwa lita. Ukikuta zaidi ya hapo mara moja na nusu, wengi watashindwa isipokuwa mchu, na kwa shida mkandaa. Bila kifaa, tazama dalili: uwanda mtupu wenye ukoko mweupe na mboga ya pwani iliyotambaa ukingoni ni mahali ambapo jua hukausha maji na kuiacha chumvi. Pakiwa hivyo, paache. Uwanda ule ni mali ya ndege wa pwani na wadudu wao, na wenyewe wapo.

## Hatua ya 5: Hesabu majirani

Mti unaweza kupata maji sawa na udongo sawa, ukaliwa usiku wa kwanza. Kwa hiyo nishi haijasomwa mpaka umewajua wanyama.

Keti. Kweli, keti kimya dakika kumi kwenye mzizi, usitikisike. Tope litafunguka. Watatoka wale kaa wadogo wenye gando moja kubwa, wanapunga kana kwamba wanaita. Tazama kwa karibu mmoja anavyokula: anachota tope kwa gando dogo, anapeleka kinywani, anachuja, kisha anaacha kidonge kidogo cha tope safi mbele yake. Wa mchangani na wa topeni ni aina tofauti, na vinyweleo vya vinywa vyao vimeumbwa tofauti kulingana na ukubwa wa chembe wanazochuja. Ndiyo maana hatua kumi tu zinatosha kubadilisha aina ya kaa anayekupungia.

Juu zaidi, kuelekea nchi, utaona mashimo makubwa na kaa wa magando mekundu wanaoburura majani kuyaingiza shimoni. Hao ni watu wa kazi: huyafukia majani, huupa udongo hewa, na wakikuta mbegu huila vile vile.

Kisha kuna tondo, konokono wa koko mrefu mweusi anayelala topeni kwa makundi. Huyu ni somo peke yake. Akiwa mdogo hula tope na uchafu laini uliomo. Akikua, kinywa chake hubadilika, akaanza kula majani yaliyoanguka na mbegu. Mzazi na mtoto wapo kwenye tope moja na hawagombei chakula. Nilipoliona hilo mara ya kwanza, jani moja limezungukwa na tondo wakubwa kama watu wa sinia moja, na wadogo pembeni hata hawageuki, ndipo nilipoelewa kwamba nafasi ya kiumbe inaweza kubadilika ndani ya umri wake. Miche ni hivyo hivyo: mche wa muia huvumilia kivuli, mche wa mchu unataka jua.

Jaribio la majirani ni rahisi. Chukua mbegu kumi za kila aina unayotaka kupanda, uzifunge uzi wa mita moja, uzi uufunge kwenye mzizi au kijiti, uzilaze juu ya tope. Rudi baada ya siku moja, tatu na saba. Hesabu zilizoliwa, zilizoburutwa shimoni na zilizobaki. Zikiliwa nane kati ya kumi, hapo usichomeke mbegu. Tumia miche iliyokuzwa kitaluni hadi shina lake likomae.

## Hatua ya 6: Andika kadi ya kila mti, na utenganishe "anaweza" na "yupo"

Sasa chukua kadi au ukurasa mmoja kwa kila aina. Juu andika *anaweza*: mipaka ya maji, chumvi na udongo anayoistahimili. Chini andika *yupo*: mahali ulipomkuta kwa kweli. Sehemu hizi mbili hazilingani, na kutolingana kwake ndiko kunakofundisha. Ya kwanza ni nishi ya msingi. Ya pili ni nishi halisi, ile inayobaki baada ya majirani kuchukua haki yao.

Mchu ndio mfano bora pwani yetu. Katika sehemu nyingi, kamba yako itakutana nao mara mbili: upande wa nchi kavu, mifupi kama vichaka, kwenye chumvi kali, halafu unapotea mita nyingi, unapita mikandaa na mikoko, halafu unautokea tena mbele karibu na bahari, safari hii mti mrefu wenye kivuli. Mtu akiona picha hiyo hudhani ni miti miwili. Ni mti mmoja wenye uvumilivu mpana. Katikati, maji na udongo si vya kuuzuia. Kinachouzuia ni majirani, hasa kivuli cha wengine. Watoto wake hawapati jua.

Hilo lina faida ya moja kwa moja kwako. Pakiwa katikati pamekatwa na kubaki wazi, mchu unaweza kusimama pale, hata kama kwenye msitu wa mfano haupo. Na kinyume chake: mkoko usioonekana chini ya mstari wa mlilana haukuzuiwa na jirani. Umezuiwa na maji. Hapo kuondoa majirani hakusaidii kitu.

Utajua umefaulu ukiweza kujibu, kwa kila mti na kila mpaka wake: umesimamishwa na hali, au na jirani?

## Hatua ya 7: Hamishia vipimo mahali pako

Nenda mahali mnapotaka kupanda. Piga kigingi kimoja, upime kimo chake kwa chupa kama ulivyofanya msituni. Kisha tumia mpira wa fundi: jaza maji, ondoa mapovu, shikilia ncha moja kwenye alama ya kigingi, ncha nyingine mwenzako aipeleke penye kigingi cha pili. Maji hutulia kimo kimoja pande zote mbili. Tofauti ya kimo cha ardhi mtaisoma kwa futi. Endeleeni hivyo mpaka mahali pote pamejulikana.

Linganisha na jedwali la Hatua ya 3. Utaangukia kwenye moja ya haya:

Kimo kinafaa na miche ya asili imeanza kuota. Acheni, mwilinde tu ili mbuzi, ng'ombe na watu wasiikanyage.

Kimo kinafaa lakini hakuna miche. Ama mbegu hazifiki, au zinaliwa. Jaribio la uzi limekwisha kukwambia ni lipi. Hapa ndipo kupanda kunapostahili.

Kimo kiko chini mno. Msipande, hata mfadhili akiwa amekwisha kuleta fulana.

Maji hayaingii. Fungueni mkondo kwanza, kwa ruhusa na ushauri wa wasimamizi, kisha mpime upya.

## Hatua ya 8: Panda kidogo, kwa jaribio

Chagua vimo vitatu: kile unachoamini ni sahihi, kimoja sentimita 20 juu yake, kimoja 20 chini. Kila kimo panda miche 25 ya aina mbili au tatu, hatua moja kati ya mche na mche. Jumla haizidi 225. Najua kikundi kikiwa na watu sitini na siku moja tu, idadi hiyo huonekana ndogo. Lakini miche hiyo michache itawaambia kitu ambacho elfu kumi iliyochomekwa pahala pamoja haiwezi kuwaambia.

Mbegu ya mkoko ichukuliwe iliyokomaa: pale inapoungana na tunda, shingo yake imegeuka manjano, na inachomoka ukiigusa tu. Ukilazimika kuivuta, haijawa tayari. Chomeka karibu theluthi ya urefu wake, ncha iliyochongoka chini, kichwa juu. Mchu hauchomekwi hivyo. Mbegu yake huvuliwa ganda, huoteshwa kitaluni, kisha hupandwa mche.

## Hatua ya 9: Usidanganywe na kijani cha miezi mitatu

Mbegu ya mkoko imebeba chakula chake ndani. Ni akiba aliyopewa na mama yake, inayoweza kuilisha miezi kadhaa hata mahali pasipofaa kabisa. Kwa hiyo majani manne ya kijani katika mwezi wa tatu hayajathibitisha lolote kuhusu mahali. Yanathibitisha kwamba mama alikuwa na afya.

Niling'oa mche mmoja uliokufa kwenye tope la chini, mwezi wa tisa. Shina lote, kutoka ardhini hadi penye majani, lilikuwa limevikwa vile vijigamba vyeupe vikali vinavyoganda kwenye mitumbwi na nguzo za gati. Ulikuwa mzito mkononi kama kipande cha chuma. Mizizi chini ilikuwa nyuzi tatu, nyeusi, hazijaenda popote. Pale palikuwa nishi ya vijigamba, na mche wetu ulikuwa kwao nguzo tu.

Kwa hiyo kagueni mwezi wa 1, wa 3, wa 6, wa 12, wa 18 na wa 24, na kila mara andikeni haya kwa kila kimo:

- Iliyo hai ni mingapi kati ya 25?
- Jozi mpya za majani tangu mara ya mwisho. Mche usioongeza jozi unakula akiba.
- Vijigamba au mwani kwenye shina.
- Alama za meno na magando, na ni za nani.
- Miche iliyojiotea yenyewe kati ya mliyopanda, na ya aina gani.

Dalili njema ya mwaka wa kwanza ni shina kugawanyika matawi. Mwaka wa pili, mkoko huanza kushusha gongo lake la kwanza, dogo kama kidole, likitafuta ardhi. Likifika na kushika, mti umekubaliwa.

Mstari wa mwisho wa orodha ndio ninaoutazama zaidi. Ikiwa aina nyingine imejiotea katikati ya miche yenu na inakimbia kuliko yenu, iandikieni kadi na mwiachie nafasi, hata kama si mti mliokuwa mkiutaka. Kwenye kimo ambacho miche zaidi ya nusu imefika mwezi wa 24 ikiwa inaongeza majani, ndipo mpande kwa wingi, kimo hicho tu, aina hiyo tu. Vigingi msiving'oe, maji ya bamvua ya mwezi wa tatu, ambayo mara nyingi huwa makubwa kuliko ya miezi mingine, yatawasahihishia vipimo.